Manyoya ya Nguo na Njia ya Hewa

Manyoya yanayokusanyika kwenye chujio la mashine ya kukaushia nguo ni nguo yenyewe inayopungua. Uzi wa pamba husokotwa kutokana na nyuzi fupi, nyingi zikiwa na urefu wa sentimita 2 hadi 4, na kinachozishikamanisha ni ule msokoto tu. Nguo ikivaliwa, ikifikichwa na kukamuliwa, ncha za nyuzi hizo hulegea na kuchomoza juu ya kitambaa. Maji huzilaza, upepo huzing'oa. Ndiyo maana nguo inayotoka kufuliwa huonekana haina kitu, na ileile ikikaushwa kwa mashine huacha nyuma yake utando wa kijivu, laini kama pamba ya mto. Nguo zinazoanikwa uani hupoteza manyoya vilevile, ila upepo huyapeperusha na hakuna anayeyaona. Ndani ya mashine kazi ya upepo hufanywa na feni, na manyoya hayana pa kupotelea: ama yanaswe, ama yatoke nje, ama yakwame njiani.

Nguo hazitoi manyoya kwa kiasi kimoja. Kanga, iliyofumwa kwa uzi mwembamba uliobanana, hutoa machache. Kikoi hutoa zaidi, hasa kwenye matamvua. Taulo ndizo zinazoongoza, na taulo mpya hupita zote, kwa kuwa vitanzi vyake hutoka kiwandani vikiwa bado na nyuzi nyingi zisizoshikwa na kitu. Blanketi za flisi, ambazo ni poliesta, hutoa manyoya mepesi yanayopaa mbali. Humo huchanganyika nywele za watu, manyoya ya paka, vumbi, na ile karatasi ya tishu iliyosahauliwa mfukoni.

Hatari ya manyoya haya iko kwenye umbo lake. Pamba ni ileile ya shati, lakini shati ni kitambaa kilichobanana, na moto hukila kwa kusuasua kuanzia ukingoni. Katika bonge la manyoya kila unyuzi umezungukwa na hewa pande zote, na moto ukishagusa unyuzi mmoja umegusa yote. Wapiga kambi wa Marekani wanalijua hilo vizuri: wapo wanaoyaweka akiba manyoya ya mashine zao na kuyabeba porini ya kuwashia kuni.

Ili kujua yanakokwama, inafaa kuifuata hewa hatua kwa hatua. Katika mashine ya kawaida yenye bomba la kutolea hewa nje, mota moja huzungusha pipa la nguo kwa mkanda na wakati huohuo huendesha feni. Feni huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha kwenye koili ya umeme, au kwenye mwale wa gesi. Hewa iliyopata moto huingia ndani ya pipa, hupenya katikati ya nguo zinazorushwarushwa, hubeba unyevu wake, kisha hutoka kupitia chujio la manyoya. Kutoka hapo hupita kwenye feni yenyewe na kusukumwa ndani ya bomba hadi nje ya nyumba. Nguo kavu za kilo 5, zikitoka kwenye mashine ya kufulia iliyozikamua vizuri, huwa zimebaki na maji kiasi cha lita 2.5 hadi 3. Maji yote hayo hutoka yakiwa mvuke, kwa kawaida kupitia bomba lenye upana wa sentimita 10.

Kwa hiyo kinachokausha ni hewa inayotembea. Joto hugeuza maji kuwa mvuke tu. Mvuke usipopata njia ya kutokea hubaki pipani na nguo huwa kama zimefunikwa kwenye sufuria. Jambo hili ndilo msingi wa kila kinachofuata. Kusafisha manyoya si kazi ya usafi kama kufuta vumbi kabatini. Ni kazi ya kufungua njia ya hewa, na njia hiyo hupita ndani ya mashine hadi kwenye kifuniko kilicho ukutani nje. Chujio ambalo kila mtu hulisafisha ni kituo kimoja tu cha safari hiyo.

Njia ikiziba, mambo hufuatana hivi. Hewa hupungua kasi na kukaa muda mrefu zaidi mbele ya koili, hivyo hupata joto kuliko ilivyokusudiwa. Themostati hukata umeme wa koili, hungoja ipoe, huurudisha, hukata tena. Nguo hazikauki, mtumiaji huongeza dakika 40 nyingine, na umeme huliwa bure. Mashine nyingi zina pia fyuzi ya joto, ambayo hukatika mara moja tu na haijirudishi. Ikikatika, mashine huzunguka bila joto au haiwaki kabisa. Fyuzi hiyo inapokatika huwa imetoa taarifa kwamba hewa imeziba. Fundi anayeibadilisha bila kulichungulia bomba amefanya nusu ya kazi, na anayeiruka kwa kuunganisha waya moja kwa moja ameondoa kinga ya mwisho iliyokuwepo kati ya nyumba hiyo na moto.

Wakati huohuo manyoya yaliyopita pembeni ya chujio hujikusanya ndani ya kabati la mashine, chini ya pipa na kuizunguka koili. Kipande kimoja kikidondokea kwenye koili iliyoiva nyekundu huwaka, na feni, kwa kuwa kazi yake ni kuvuta na kusukuma, huichukua ile cheche na kuipeleka bombani, ambako kuna manyoya mengine makavu. Moto wa namna hiyo huweza kuwaka ndani ya ukuta kabla mwenye nyumba hajaona moshi.

Marekani, ambako mashine hizi ni kitu cha kawaida majumbani, ukubwa wa tatizo unajulikana kwa hesabu. Taasisi ya serikali kuu ya nchi hiyo inayoshughulikia majanga ya moto, U.S. Fire Administration, ilipima miaka ya 2008 hadi 2010 na kukadiria kwamba kila mwaka majumbani kulitokea moto wa mashine za kukaushia mara 2,900, ukaua watu 5, ukajeruhi watu 100 na kuteketeza mali ya dola milioni 35. Chanzo kilichoongoza, asilimia 34, kilikuwa kutosafishwa kwa mashine. Mwezi uliozidi yote ni Januari, wakati wa baridi kali, ambapo nguo ni nzito na mashine hufanya kazi zaidi.

Usafi wa mtumiaji, hata hivyo, haumalizi kila kitu. Nchini Uingereza, mwezi Novemba 2015, kampuni ya Whirlpool ilitangaza kwamba mamilioni ya mashine zilizouzwa kwa majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zilikuwa na kasoro: manyoya yaliweza kupenya na kugusana na koili. Mwanzoni wenye mashine waliambiwa waendelee kuzitumia mradi wasiziache peke yake. Tarehe 19 Agosti 2016 fleti za jengo refu la Shepherd's Court, magharibi mwa London, zikaungua, na kikosi cha zimamoto kikautaja moto huo kuwa umeanzia kwenye mashine ya kukaushia nguo. Februari 2017 ushauri ukabadilika: mashine ambayo haijarekebishwa ichomolewe kwenye umeme. Urejeshaji rasmi wa mashine hizo ulianza Julai 2019. Anayenunua mashine iliyotumika, hasa Uingereza, hana budi kuandika namba ya modeli iliyobandikwa ndani ya mlango na kuiangalia kwenye orodha ya mtengenezaji kabla ya kuiwasha mara ya kwanza.

Chujio husafishwa kila baada ya kukausha, bila kusubiri lijae. Likishika utando mwembamba tu tayari limeanza kuipunguza hewa. Manyoya hutoka kwa urahisi yakiwa makavu: kidole kikipitishwa kutoka ukingo mmoja, utando hujikunja kama mkeka na kutoka wote. Vipande vilivyobaki kwenye kona hushikwa kwa kutumia bonge la manyoya lilelile, kwa sababu manyoya huvuta manyoya. Katika vyumba vya kufulia vinavyotumiwa na wapangaji wengi, kama vilivyo chini ya majengo ya fleti Marekani na Ulaya, chujio hutazamwa kabla ya kuwasha pia, kwani aliyetangulia huenda ameacha ya kwake. Manyoya hutupwa kwenye pipa la taka lenye mfuniko. Kuyasuuza kwenye sinki ni kosa, maana yakilowa hujisokota na kuziba bomba la maji machafu, na nyuzi za poliesta humo haziozi.

Kuna uzibaji wa chujio usioonekana kwa macho. Karatasi za kulainishia nguo, zile zinazotupiwa pipani ili nguo zinukie na zisishikane kwa umeme tuli, hutoa dawa inayofanana na nta. Dawa hiyo hubaki kwenye nguo, na sehemu yake hubaki kwenye wavu wa chujio, ikaziba vitundu vidogovidogo. Wavu huonekana safi, hewa haipiti. Kipimo chake ni rahisi: chujio lililokwisha kutolewa manyoya hushikwa chini ya bomba la maji. Maji yakipenya moja kwa moja, wavu uko wazi. Yakituama juu yake kama kwenye jani la mgomba, umezibwa. Dawa ya tatizo hilo ni maji ya moto, sabuni ya vyombo na burashi laini, kisha chujio likaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Nyumba inayotumia karatasi hizo kila siku ifanye hivyo angalau mara moja kwa mwezi. Wavu uliochanika haushonwi wala haubandikwi tepu. Hununuliwa mwingine, na mashine haiendeshwi bila chujio hata kwa mzunguko mmoja.

Chini ya chujio kuna nafasi nyembamba linamokaa, na nafasi hiyo ndiyo ghala la manyoya yaliyoponyoka. Mdomo mwembamba wa mashine ya kufyonza vumbi huingia vizuri, na burashi ndefu iliyo laini hufika pale usipofika. Hapo kinachovutwa ni vipande vikubwa ambavyo vingeendelea hadi kwenye feni. Ndani ya pipa, karibu na mlango, mashine nyingi za kisasa zina vipande viwili vya chuma vinavyopima unyevu. Vikifunikwa na ile dawa ya kulainishia, mashine hudanganyika na kuzima kabla nguo hazijakauka. Vifutwe kwa kitambaa chenye siki kidogo. Mpira wa mlango nao ufutwe. Ukiwa umechakaa, manyoya huonekana yameganda kuuzunguka upande wa nje.

Kabati la mashine lenyewe ni mahali ambapo tahadhari inapaswa kuongezeka. Manyoya ya chini ya pipa hayafikiki bila kufungua paneli, na humo mna waya, koili na kingo za bati zinazokata kama wembe. Kazi hiyo inafaa kufanywa na fundi, mara moja kwa mwaka au miwili kulingana na matumizi, mashine ikiwa imechomolewa na si kuzimwa tu kwa kitufe. Mwenye mashine anaweza kufanya upande wa nyuma na chini: kuivuta, kuchomoa plagi, na kufyonza vumbi lililojaa ukutani na sakafuni. Hewa inayoingia kwenye mashine hutoka hukohuko, hivyo vumbi la nyuma ya mashine ni chakula kinachongoja kuvutwa na feni.

Sasa bomba, sehemu inayosahauliwa kuliko zote. Nyenzo yake ndiyo ya kuangaliwa kwanza. Bomba bora ni la bati au alumini ngumu, laini ndani. La alumini linalokunjika hufaa kwa kipande kifupi cha kuunganisha mashine na ukuta. Yale mabomba meupe ya plastiki na ya karatasi ya fedha iliyonyooshwa juu ya springi yana mikunjo mingi ndani, na kila mkunjo ni rafu ya kuwekea manyoya. La plastiki, juu ya hilo, huungua. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa sehemu nyingi za Marekani hutaka bomba la chuma lenye upana wa inchi 4, yaani sentimita 10, na urefu usiozidi futi 35, takriban mita 10.7, isipokuwa mtengenezaji ameruhusu zaidi. Katika urefu huo hupunguzwa futi 5 kwa kila kona ya mraba na futi 2 na nusu kwa kona ya nusu yake. Nyumba yenye kona nne za mraba, kwa hiyo, imebakiwa na futi 15 tu. Hesabu hiyo inaeleza kwa nini mashine iliyokuwa ikikausha kwa dakika 45 katika nyumba ya zamani hutumia saa moja na nusu baada ya kuhamishiwa fleti ambayo bomba lake hupanda hadi paani.

Viungo vya bomba havifungwi kwa skrubu ndefu zinazotokeza ndani, kwa sababu ncha ya skrubu hunasa unyuzi wa kwanza, unyuzi hunasa wa pili, na baada ya miezi kuna kizibo. Hufungwa kwa tepu ya alumini na vibano vya chuma vya duara. Tepu ya kitambaa, ingawa mafundi wengi huikimbilia, hukauka kwa joto na kubanduka. Mashine isisukumwe hadi ukutani kiasi cha kuliminya bomba. Nafasi ya kiganja cha mkono nyuma yake huokoa mengi.

Kulisafisha bomba huanza kwa kuchomoa plagi. Kibano hulegezwa kwa bisibisi, bomba huvutwa kutoka kwenye mashine, na kipande kifupi hutolewa nje na kukung'utwa. Bomba lililo ndani ya ukuta husafishwa kwa burashi ya duara iliyofungwa kwenye fito zinazopinda, zinazounganishwa moja baada ya nyingine kwa kuzungushwa na kuendeshwa kwa mkono au kwa drili. Hapo pana jambo dogo linaloharibu kazi za wengi: drili sharti izunguke upande uleule unaokaza fito, yaani kuelekea mkono wa kulia, wakati wa kuingiza na wakati wa kuvuta. Ikigeuzwa, fito hufunguka na burashi hubaki ndani ya ukuta. Manyoya yaliyolegea hufyonzwa kutoka upande mmoja na kusukumwa kutoka mwingine. Baada ya kuunganisha tena, mashine huendeshwa dakika 10 bila nguo, na mtu mmoja hutoka nje kutazama upepo unatoka kwa nguvu gani. Kwa familia inayokausha mara kadhaa kwa wiki, mara moja kwa mwaka inatosha; penye watoto wengi, wanyama wa ndani au bomba refu, mara mbili.

Mashine ya gesi ina nyongeza moja nzito. Mwale wa gesi hutoa moshi unaopaswa kutoka kupitia bomba hilohilo pamoja na mvuke. Bomba likiziba au likichomoka nyuma ya mashine, hewa yenye kaboni monoksaidi huweza kubaki nyumbani, nayo haina rangi wala harufu. Kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi wa ghafla kwa watu wote wa nyumba moja ni dalili za kutoka nje kwanza na kuuliza baadaye. Kitambua kaboni monoksaidi ni cha lazima katika nyumba hiyo, na kuvuta mashine ya gesi kutoka mahali pake ni kazi ya fundi wa gesi.

Kifuniko cha nje kina ulimi mmoja au vibao vitatu vinavyofunguka kwa nguvu ya upepo na kujifunga mashine ikizimwa. Manyoya yaliyolowa mvuke hugandana kwenye bawaba zake, ulimi ukakwama wazi au ukakwama umefungwa. Ukiwa wazi, ndege huingia kujenga viota, kwani pana joto na manyoya ya kutandikia yapo tayari. Wengi huweka wavu wa kuzuia ndege na hapo hujitengenezea chujio la pili lisilosafishwa na mtu. Kanuni za Marekani hukataza wavu mwishoni mwa bomba hili kwa sababu hiyohiyo. Katika nchi za theluji kifuniko kilicho chini hufukiwa pia, na kufukuliwa kwake ni sehemu ya kazi za asubuhi.

Kinachotoka nje nacho hakipotei. Mwaka 2020 watafiti wawili wa Marekani, Kirsten Kapp na Rachael Miller, walichapisha matokeo ya jaribio lao katika nyumba mbili, moja jimboni Idaho na nyingine Vermont. Walikausha blanketi za flisi za rangi ya waridi wakati ardhi imefunikwa na theluji, kisha wakatafuta nyuzi za waridi kwenye theluji. Walizikuta umbali wa hadi futi 30 kutoka kwenye kifuniko, kiasi cha mita 9. Nyuzi hizo ni plastiki, nazo zilikuwa zimelipita chujio.

Ziko mashine zisizo na bomba la nje, na ndizo nyingi katika fleti za Ulaya bara. Katika mashine ya kondensa, hewa yenye mvuke hupitishwa kwenye kipoozeo chenye mapezi membamba ya bati, mvuke hugeuka maji, maji hukusanywa kwenye tangi. Manyoya yaliyopita chujio hushika kwenye mapezi yaliyolowa na kuwa tope la kijivu. Kipoozeo cha kuchomolewa hutolewa na kusuuzwa kwa maji ya bomba yanayotiririka, kutoka kila upande, mpaka mwanga uonekane ukipita. Hakikwanguliwi kwa kisu, mapezi hupinda. Mashine za pampu ya joto hutumia joto la chini zaidi na umeme kidogo, lakini huchukua muda mrefu, na hewa yake huzunguka mlemle tena na tena, kwa hiyo hazivumilii uchafu. Nyingi zina machujio mawili mlangoni, moja ndani ya jingine, na mara nyingi kichujio cha sponji chini kinachosahauliwa kwa sababu kimefichwa nyuma ya kibao. Sponji huoshwa, hukamuliwa na kukaushwa.

Mashine moja inayofua na kukausha kwa pamoja, ambayo hupatikana pia katika fleti za Nairobi na Dar es Salaam, kwa kawaida haina chujio la kutoa kwa mkono. Manyoya husombwa na maji na kuishia kwenye chujio la pampu, chini mbele ya mashine. Baada ya kukausha taulo, mzunguko mfupi wa kusuuza bila nguo huondoa manyoya yaliyobaki kwenye pipa na kwenye mpira wa mlango, ambayo vinginevyo hurudi kwenye nguo nyeusi za ufuaji unaofuata.

Dalili za njia iliyoziba ni nyingi na hutangulia hatari kwa muda mrefu. Nguo huhitaji mizunguko miwili. Zikitoka ni za moto kupita kawaida lakini bado mbichi kwenye pindo. Juu ya mashine hapagusiki. Madirisha ya chumba hujaa ukungu wa mvuke na rangi ya ukuta huanza kuota kuvu. Ulimi wa nje haufunguki mashine ikiwa kazini. Harufu ya kuungua si dalili tena. Hiyo ni amri ya kuzima. Mpangaji anayeziona dalili hizi katika nyumba ambayo bomba limefichwa ukutani amwandikie mwenye nyumba kwa maandishi, aweke nakala, na asiitumie mashine hadi bomba lisafishwe.

Kuna moto mwingine unaohusishwa na manyoya kimakosa. Vitambaa vilivyofyonza mafuta ya alizeti, mafuta ya kitani ya kupakia mbao, au mafuta ya kukandia mwili, huhifadhi sehemu ya mafuta hayo hata baada ya kufuliwa. Mafuta ya aina hiyo huungana na oksijeni ya hewa na kutoa joto. Vikitolewa kwenye mashine vya moto na kulundikwa kapuni, joto haliponyoki, huongezeka lenyewe, na saa kadhaa baadaye lundo huweza kuwaka bila cheche yoyote. Dakika za mwisho ambazo mashine huzunguka bila joto zimewekwa kwa ajili hiyo. Anayefungua mlango katikati ili awahi nguo huzikatisha. Vitambaa vilivyolowa mafuta, petroli au rangi ya mafuta haviingii kabisa kwenye mashine ya kukaushia, hata kama vimefuliwa mara mbili. Huanikwa kimoja kimoja kwenye kamba.

Mashine isiwashwe watu wakienda kulala au wakitoka. Moshi ukionekana, mlango wa mashine hubaki umefungwa, kwa sababu kuufungua ni kuupa moto hewa uliyokuwa umeikosa. Umeme hukatwa kwenye swichi kuu ikiwa inafikika bila kuupita moshi, watu wote hutoka, mlango wa chumba hufungwa nyuma yao, na zimamoto huitwa kutoka nje: 911 kwa Marekani na Kanada, 999 kwa Uingereza, 112 kwa nchi za Umoja wa Ulaya. Hata moto ukionekana umezimika wenyewe, zimamoto hupaswa kuja kukagua bomba na ukuta, maana manyoya huweza kufukuta humo bila mwale. Mashine iliyowahi kuwaka hairudishwi kazini kwa kusafishwa. Huondolewa, na bomba lake lote hubadilishwa pamoja nayo.